Kimulimuli cha Mkiani

Usijifanye unafunga kamba za viatu. Uliona. Asubuhi ile ulikuwa umesimama palepale bandani, mgongo umeuegemeza kwenye pipa la mafuta, na yule mwanamke alipouliza, "Nani aliona?" ukainama kama mtu aliyedondosha pete ya ndoa. Na miguuni ulivaa ndala. Ndala hazina kamba.

Basi kwa kuwa ulikuwa unachunguza vidole vyako vya miguu, nitakusimulia ulichokosa. Na wewe mwingine unayesema hukuwepo, usianze kujipongeza. Popote unapofanya kazi pana pipa la kuegemea, na pana mtu anayeuliza swali huku wenzake wakikohoa. Sogea, sikiliza.

Pale kiwanjani kuna ndege ndogo ya injini moja na viti vinne. Nyeupe, ingawa weupe wenyewe umechoka. Ndege ni ya Tajiri. Kiwanja ni cha Tajiri. Nyumba ya wageni yenye veranda inayotazama njia ya kurukia ni ya Tajiri, na ile safu ya vyumba vya bati nyuma yake, wanakolala wafanyakazi, ni ya Tajiri pia. Hata uzio wa waya anauita "uzio wangu" kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kwa mama zao.

Fundi umeme wa ndege hiyo alikuwa mwanamke. Walimwita Mama Waya, kwanza kwa sababu hakukosa kipande cha waya mfukoni, pili kwa sababu ukimgusa vibaya ulipigwa shoti. Usidhani alikuwa mnyenyekevu. Alikuwa na mdomo. "Bila mimi," alikuwa akimwambia rubani, "hiki ni kibanda cha kuku chenye mabawa." Mumewe, Sindano, alikuwa fundi cherehani, mpole mpaka anakera, alishona mapazia ya nyumba ya wageni na vitambaa vya viti vya ndege. Walikaa chumba kimoja na mama yake Sindano, ambaye kila mtu alimwita Bibi, na pazia lililogawa chumba lilikuwa la kitambaa kilichobaki kwenye yale ya wageni.

Mama Waya alikuwa na amri moja tu kuhusu ndege ile, na aliwaimbia watu mpaka wakaiota. Ukiegesha, zima taa zote: ile kubwa ya kutua, ile nyekundu ya bawa la kushoto, ile ya kijani ya kulia, na ya ndani. Lakini kimulimuli, ile taa nyekundu ya juu ya mkia inayokonyeza, swichi yake usiiguse. Ibaki juu mwaka mzima. Wewe shusha swichi kuu, ile inayofungulia betri, na kimulimuli kitalala pamoja na wenzake. Ukisahau kuishusha swichi kuu, basi mkia utaendelea kukonyeza hata ndege ikiwa imezimwa injini, na hata mpishi aliyeko jikoni ataropoka, "Jamani, ndege yenu iko macho!" Mtu atakimbia, atashusha swichi, betri itapona. Ndiyo kazi yake ardhini. Kinamshtaki aliyesahau.

Sasa Tajiri alikuwa na wageni wanaokunywa verandani jioni. Mmoja wao, mwenye kofia kubwa kuliko akili yake, akasema kile kitu chekundu kinamkonyeza kwenye glasi kila ndege inaporudi. Tajiri akamwita Mama Waya mbele ya watu.

"Hicho kijicho chekundu kizimwe. Kabisa. Sitaki kukiona ndege ikiwa imesimama."

"Tajiri, hicho ndicho kinachotuambia kama swichi kuu imeachwa wazi."

"Na mimi ndiye ninayekuambia uzime."

"Siku betri itakapokufa, usimtafute mchawi."

"Mama Waya, wewe ni fundi au mtabiri?"

Wageni wakacheka. Mama Waya alitukana njia nzima mpaka kwenye ndege, matusi mapya kabisa, mengine aliyatunga papo hapo. Lakini swichi aliishusha. Hilo siwezi kumfichia. Mlinzi alisikia amri ile, mpishi alisikia, mfagiaji alisikia. Na wewe ulisikia, ulikuwa umebeba barafu.

Betri ikafa siku chache baadaye, tena asubuhi ambayo wageni walikuwa wameshapanda na mikanda wamefunga. Rubani aliyeitwa Kapteni, ambaye pia ni mume wa binti ya Tajiri, alizungusha ufunguo. Ndege ikatoa sauti moja ndogo, kama mtu anayetema mbegu ya limau, ikanyamaza. Akazungusha tena. Hata ile ya limau haikutoka.

Mama Waya akapanda, akachungulia. "Swichi kuu mmeikuta wapi?"

"Juu," akasema Kapteni.

"Ulipoingia ulikuta iko juu?"

"Nimesema juu, sasa unataka nikuchoree?"

Swichi ilikuwa imeachwa wazi tangu jana yake, na mkia uliozibwa mdomo haukusema kitu. Tajiri akafika mbio, suruali ya kulalia ikimpwaya, akaamuru pikapu iletwe wawashe kwa betri ya gari.

"Haitaruka," Mama Waya akasema.

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza, nasema bure. Betri ikikauka namna hii, altaneta, ile inayoijaza betri, haina hata tone la kuanzia. Injini itaunguruma, ndiyo, ina sumaku zake za kutoa cheche. Lakini betri haitajaa. Mtaondoka vizuri, na jioni mtarudi hamna redio wala taa, mnapapasa hewani kama mlevi anayetafuta choo. Naichomoa, naenda kuichaji." Na akaichomoa kweli, akaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, akaondoka nayo.

Wageni wakaondoka kwa gari, wamenuna, na yule wa kofia kubwa akaapa hatarudi. Tajiri akabaki katikati ya kiwanja, akatafuta kwa macho wa kumlaumu, na macho ya tajiri hayana safari ndefu.

"Nani alikuwa wa mwisho ndani ya ndege jana?"

"Mimi nilizima kila kitu nilipotua," Kapteni akasema haraka. "Baadaye Mama Waya aliingia kufuta vioo."

"Niliingia mchana! Ulikuwa hujaruka hata hiyo safari ya jioni!"

"Mchana, jioni, ni maneno tu," Tajiri akasema. "Kesho asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, utasimama useme ulikuwa mzembe na uombe radhi. Ukikataa, ikifika jioni chumba changu kiwe wazi. Nitapata fundi mwingine. Mafundi wamejaa barabarani."

Mlinzi alikuwepo. Alikuwa anang'arisha kifungo cha shati lake ambacho hakijawahi kung'aa.

Chumbani, Sindano alikuwa amekaa nyuma ya cherehani na kitambaa cha kiti cha ndege mapajani, hashoni, anakipapasa tu.

"Mke wangu, radhi ni maneno. Yanatoka mdomoni, yanapotea. Chumba hakipotei."

"Kwa hiyo niseme mimi ni mzembe."

"Sema nusu. Sema 'huenda'."

"Huenda mimi ni mzembe?"

"Eeh. Kwa sauti ya chini."

"Sindano, nikisema hivyo kesho, keshokutwa balbu ikiungua ni mimi. Fyuzi ikikatika ni mimi. Rubani akijamba angani ni mimi niliyefunga waya vibaya. Nani atanipa ndege nyingine niishike? Hii kazi jina likishachafuka limekwisha, hakuna sabuni."

"Na tukilala nje?"

Mama Waya alijua chumba kingine hakipo, na cherehani haipendi mvua. Alichukua shuka kwenye rundo la nguo ambalo Bibi alikuwa akilikunja kimya pembeni, akaanza kumsaidia ili mikono ipate la kufanya. Bibi, ambaye kwa kawaida alikuwa na maoni hata kuhusu namna mkamwana wake anavyopumua, siku hiyo hakuwa amesema neno. Hilo peke yake lilikuwa jambo la kuita daktari.

Mama Waya akanyoosha shuka. Katikati ulikuwa umepita mstari wa kutu, mwembamba, umenyooka kama umepigwa kwa rula.

"Mama, hii kutu imetoka wapi?"

"Kutu gani?"

"Hii."

"Hiyo ni rangi yake."

"Shuka ni jeupe, Mama."

"Basi limezeeka. Hata mimi nilikuwa mweupe moyoni kabla mwanangu hajaoa."

"Mama, kamba yetu ni ya nailoni. Kitu chenye kutu huku nyuma ni uzio wa Tajiri peke yake. Umeanika kwenye uzio?"

Bibi akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. Kuanika kwenye uzio kulikuwa kosa kubwa pale. Tajiri alikuwa ameshamfukuza dobi kwa hilo, akisema wageni hawakulipa kuja kutazama chupi za vibarua.

"Ulizianua lini?"

"Jana. Jioni. Kiza kilikuwa kinaingia, nikajua hawataniona."

"Na ndege ilikuwa imeegeshwa pale kwenye uzio."

"Ilikuwepo."

"Na ulimwona mtu."

Bibi akamtazama mwanawe, akamtazama mkamwana wake, akashusha pumzi. "Taa ya ndani ilikuwa inawaka. Kapteni yuko mbele, simu kaichomeka ichajiwe, inaimba nyimbo za mapenzi. Na mwanamke pembeni. Kwanza niliona vichwa viwili. Baadaye nikaona kimoja. Baadaye sikuona hata kimoja, na ndege ikawa inatikisika, na upepo haukuwepo."

Cherehani ya Sindano ikajiendesha yenyewe mishono kadhaa. Mguu ulikuwa umemteleza kwenye kanyagio.

"Mama! Kwenye viti vyangu?"

"Mimi sikuviona viti, baba. Nimekwambia sikuona hata vichwa."

"Halafu?"

"Halafu wakashuka wanacheka. Taa ya ndani akazima. Hiyo swichi yenu nyingine mimi siijui. Mkia haukuwa na kitu, mweusi tii."

Mama Waya alikuwa amesimama. "Mama, kesho utasema."

"Sisemi! Nikisema niliona, wataniuliza nilikuwa wapi. Nikisema nilikuwa kwenye uzio, tutafukuzwa kwa ajili ya nguo. Niache nife na siri ya chupi zangu."

"Tunafukuzwa vilevile!"

"Basi tufukuzwe na heshima."

Bibi akalivuta shuka, akalikunja ule mstari wa kutu ukaingia ndani.

Asubuhi mkaitwa bandani. Tajiri alikuwa ameletewa kiti, kile chenye mto. Kapteni amesimama kulia kwake na miwani ya jua ndani ya banda lisilo na jua. Binti ya Tajiri, mke wa Kapteni, alikuja kutoka mapokezi na funguo za vyumba mkononi, kwa sababu baba yake aliona aibu ya mfanyakazi ni somo linalofaa familia nzima. Ndege ilikuwa nyuma yao, betri imerudishwa, imejaa.

"Haya," Tajiri akasema. "Tunakusikiliza."

"Nitaonyesha kosa lilipokuwa," Mama Waya akasema, akapanda, akaacha mlango wazi. Mlisikia swichi ikilia *ta*. "Sasa hivi swichi kuu iko wazi. Betri inaliwa. Mnaona nini huko nje?"

Mkatazamana.

"Mpishi, wewe una macho ya kuona nzi kwenye mchuzi. Unaona nini?"

"Naona ndege tu, Mama Waya."

"Vizuri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa juzi jioni. Sasa tazameni." *Ta.* Kimulimuli kikawaka. Kikazimika. Kikawaka. Bati la juu likawa linapakwa wekundu na kufutwa, linapakwa na kufutwa, na nyuso zenu nazo. "Hiki kingekuwa kinawaka, mngepiga kelele kabla betri haijafika nusu. Kosa langu ni hili: niliambiwa nikizime, nikakizima. Kwa hilo radhi naomba, tena kwa sauti ya juu. Sasa, nani alisikia nikiambiwa?"

Kikawaka. Kikazimika. Mlinzi alikohoa. Mfagiaji aligundua ufagio wake una vijiti.

"Sawa. Na nani aliona aliyeingia kwenye ndege jioni, baada ya kutua?"

Hapo ndipo ulipoinama kwenye ndala zako.

Tajiri akacheka kidogo kwa pua. "Umemaliza maigizo? Sema wewe ni mzembe, tufanye kazi."

Mama Waya alifungua mdomo, na naapa mpaka leo sijui angesema nini, kwa sababu alikuwa amemtazama Sindano, na Sindano alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama anayemsihi: nusu, sema nusu. Kutoka nyuma kabisa ikaja sauti ya kizee.

"Mimi nilikuwa naanua nguo."

Mkageuka wote.

"Kwenye uzio," Bibi akaongeza.

"Uzio wangu?" Tajiri akasimama.

"Wako. Shuka, kanga, na chupi pia, usije ukaambiwa na watu. Zilikuwa tatu. Na nilimwona huyu mkweo yuko ndani ya ndege na mwanamke, taa ya ndani inawaka, wanatafuta kitu kilichodondoka chini ya viti. Walikitafuta muda mrefu sana. Naona walikipata, maana walishuka wamefurahi."

Mlicheka. Usikatae, nawe ulicheka, ulifunika mdomo kwa kofia. Watu ambao walishindwa kukohoa ukweli walipata mapafu ya kuchekea.

"Huyu bibi haoni vizuri," Kapteni akasema. "Kila mtu anajua."

"Kwa karibu sioni, mwanangu. Hata uzi kwenye sindano siwezi kutunga. Mbali ndiyo naona, tena naona hadi aibu."

Binti ya Tajiri hakuwa amecheka. Aliuliza jambo moja, kwa upole wa mapokezi, kama anayemuuliza mgeni anataka chumba cha upande gani. "Nywele zake zilikuwaje, Bibi?"

"Fupi, mwanangu. Na hereni kubwa kama bangili."

Yeye alikuwa amesuka hadi mabegani. Akaweka funguo zote kwenye kiti cha baba yake, juu ya mto, akatoka. Kapteni akamfuata huku akivua miwani, akapiga paji la uso kwenye ncha ya bawa. Hata ndege ilikuwa na la kusema.

Ungedhani imekwisha hapo. Ukweli umesemwa, tena mbele ya watu, tena na mtu mzima. Lakini Tajiri alikuwa na ndege moja, rubani mmoja na binti mmoja, na kati ya watu wote waliokuwa bandani, ni fundi tu ambaye Tajiri angeweza kumfukuza bila kujikata mwenyewe.

"Umenivunjia nyumba yangu," akamwambia Mama Waya, kwa sauti ya chini.

"Nimewasha taa tu."

"Jioni chumba kiwe wazi. Na hiyo taa itolewe. Isizimwe, itolewe!"

Na ikatolewa. Palepale mchana, kwa ngazi. Tundu la mkiani likazibwa kwa mkanda mweupe wa kubandika, utadhani ndege imejikata ikinyoa ndevu. Ngazi ulishika wewe.

Walihama kabla giza halijaingia, kwa mkokoteni wa kuazima. Sindano, yule mpole, alifanya jambo ambalo hata mkewe hakulitegemea. Aliingia kwenye ndege na wembe mdogo wa kufumulia, akafumua vitambaa vya viti vyote vinne, mshono kwa mshono, bila haraka. Mlinzi akamuuliza anafanya nini.

"Uzi ni wangu," akajibu. "Na hivi vitambaa vinahitaji kufuliwa kuliko unavyodhani."

Bibi naye alipita kwenye uzio, akatoa sketi yake ya ndani kwenye furushi, akaitundika katikati kabisa, mkabala na veranda, akaifunga fundo ili upepo usimsaidie Tajiri. Mama Waya alisukuma mkokoteni. Hakugeuka. Usiku ule walilala chini ya paa la genge la mboga lililofungwa, cherehani wameifunika kwa lile pazia la wageni.

Wiki hii Kapteni anaruka. Mkewe hayuko mapokezi tena. Na yeye bado anaegesha jioni, bado anachaji simu, bado anasahau. Betri imeshakauka mara nyingine, na safari hii pikapu ililetwa, kwa sababu hapakuwa na mwanamke wa kusema haitaruka. Waliruka mchana kweupe, wakarudi mchana, wakapigiana makofi. Siku watakayochelewa, ndege ile itarudi gizani haina taa wala redio, na kwenye kile kiti cha nyuma kilicho uchi atakuwa amekaa mtoto wa mtu.

Kesho anaanza fundi mpya. Ameshaambiwa aliyemtangulia alikuwa mzembe na mkewe mtu mchonganishi. Hata jinsia wamekosea, hawakujali. Ataamini, kwa kuwa hakuna aliyemwambia lingine.

Sasa nakujia wewe wa ndala. Ile taa ulipewa ukaitupe. Hukuitupa, nakujua, mkono wako haujui kutupa kitu kizima. Iko chini ya kitanda chako, umeiviringisha kwenye fulana. Itoe. Fundi mpya amefikia chumba kilekile cha Mama Waya, cha mwisho kwenye safu. Kutu ya uzio itakuongoza. Mgongee kabla hajakabidhiwa funguo za ndege. Mpe taa mkononi, umwambie ilitolewa wapi, na nani aliamuru, na nani alishika ngazi. Nawe uliyesema hukuwepo, kwako pia kuna swichi iliyoshushwa, na unaijua ni ipi.

Usiniambie kesho. Kesho ndege inaruka. Vaa ndala, simama, nenda.